Ni kweli, nimeona kwa macho yangu. Je, nikisema nitakuwa nimesengenya?

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Moshi. Mwezi wa saba tulichanga fedha za kumwezekea nyumba mjane mwenzetu. Tulihesabu mbele ya watu wote, zikawa 640,000, nami nikaandika kwenye muhtasari. Wiki mbili baadaye nilikuwa napekua daftari la mweka hazina nikitafuta orodha ya majina, nikakuta risiti ya wakala wa benki: 410,000. Mjane hajapewa kitu, kila siku anaambiwa asubiri.

Kuna na jingine. Huyo mweka hazina nilisoma naye. Najua alizaa kabla ya kuolewa, mtoto akalelewa na bibi yake Rombo, na mume mpaka leo anajua yule ni shemeji yake mdogo. Sasa mwezi wa kumi mama huyu anagombea uweka hazina wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, ngazi ya parokia. Nilishindwa kuvumilia, nikawaambia wenzangu wawili tunaouza nao mitumba Kiboriloni, yote mawili. Mmoja akasema si dhambi maana ni kweli. Mwingine akasema nikinyamaza nimeshiriki wizi. Mama yangu mzazi anasema funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nimefikiria nikamwambie Paroko kwenye kitubio, ili ibaki siri na yeye ajue la kufanya. Sikufichi, mimi na huyo mama tulishawahi kukosana kwa ajili ya pesa za sare. Niseme au ninyamaze? Na Jumapili naweza kukomunika?"

Milele na milele, amina. Dada yangu, umeniletea furushi moja, lakini nikilifungua nakuta vitu viwili. Kuna fedha za mjane, na kuna mtoto wa Rombo. Kwako vimefungwa pamoja kwa sababu vinamhusu mtu yuleyule, na nadhani zile sare nazo zimesaidia kukaza fundo. Nikivitenganisha, majibu yake yanakwenda pande mbili tofauti kabisa: la fedha huna ruhusa ya kulinyamazia, la mtoto huna ruhusa ya kulisema. Nitaeleza kwa nini, na itanichukua nafasi kidogo, kwa sababu wote watatu waliokushauri wamegusa kitu cha kweli na wote watatu wamekosea.

Nianze na huyo anayesema kweli haiwi dhambi. Namwelewa. Tulipokuwa mafundisho ya komunyo ya kwanza tulikaririshwa amri ya nane, "Usimshuhudie jirani yako uongo", tukaondoka na wazo kwamba mdomo unakosa pale tu unapodanganya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2477, inataja njia tatu za kuvunja heshima ya mtu. Ya kwanza ni kumhukumu, hata kama ni moyoni tu, kwa kuamini kwamba amekosa wakati msingi wa kuamini hivyo hautoshi. Ya pili ni kufichua makosa yake kwa watu ambao hawakuyajua, pasipo sababu ya haki. Ya tatu ni kumsingizia. Itazame hiyo ya pili. Hapo kosa ni la kweli. Lingekuwa la uongo tungeshahamia kwenye ya tatu. Kwa hiyo kumtetea msengenyaji kwa kusema "lakini ni kweli" ni sawa na kumtetea mwizi wa kuku kwa kusema "lakini alikuwa kuku kweli".

Mfano wa wizi si wangu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, anamlinganisha anayemtukana mtu hadharani na mnyang'anyi, na anayemsema mtu kisirisiri na mwizi. Anakwenda mbele zaidi: kumwibia mtu jina anaona ni kosa zito kuliko kumwibia mali, akirudi kwenye Mithali 22:1, kwamba jina jema lafaa kuchaguliwa kuliko utajiri mwingi. Nilipokuwa nafundisha teolojia ya maadili, wanafunzi walikuwa wanaguna hapa. Wanasema, Padre, jina haliliwi.

Nenda kwenye msiba wowote huku migombani, Kibosho, Marangu, popote, ukae karibu na akina mama wanaomenya ndizi. Visu vinapita mkono kwa mkono, maganda yanarundikana, mazungumzo yanatembea. Akifika yule ambaye jina lake limeshaliwa, hakuna anayemtukana. Anasogezewa kigoda. Anapewa na kisu. Ila sauti zinashuka, halafu mtu anaanzisha habari za bei ya mahindi. Yeye anamenya. Anahisi kuna jambo lakini hawezi kujitetea, kwa sababu hakuna aliyemshitaki. Ametukanwa bila kutukanwa. Mtu anayekutukana sokoni angalau unamwona uso na unaweza kumjibu. Huyu wa kimyakimya amekuhukumu, amekufunga, na kesi yenyewe hukuitwa.

Utaniuliza: kama amekosa kweli, hilo jina analodai ni lipi? Swali zuri. Kanisa linasema hata mwenye kosa la siri bado ana haki ya jina lake. Sheria za Kanisa, kanuni ya 220, inakataza kumharibia mtu yeyote sifa yake pasipo haki, na haikuweka masharti kwamba awe malaika kwanza. Sababu yake ni ya kawaida tu. Mtu anayetaka kutubu anahitaji mahali pa kurudi. Jina ndilo linalomruhusu kurudi kazini, kurudi kwenye ndoa, kukaa tena kwenye benchi la jumuiya na kuombwa asome somo. Ukimwanika kabla hajapata nafasi ya kujirekebisha, unamwondolea sababu ya kujirekebisha. Nimewaona kwa miaka mingi watu waliokuwa wameanza kurudi nyuma taratibu kutoka kwenye kosa lao, wakasikia limeshajulikana, wakasema basi, na waseme.

Pamoja na hayo, maneno "pasipo sababu ya haki" hayakuwekwa kwa ajili ya kupamba. Sababu ya haki ipo, na wataalamu wa maadili wameijadili kwa karne nyingi wakafika karibu mahali pamoja: unaweza kulisema kosa la mtu, na pengine unalazimika, pale inapohitajika kumkinga asiye na hatia, kuikinga jumuiya, kujikinga mwenyewe, au kumsaidia huyo mwenye kosa atoke. Tena kwa kipimo. Anaambiwa yule anayeweza kufanya kitu, na anaambiwa kiasi kinachotosha kufanya hicho kitu. Unazijua bahasha za zaka, kila moja ina jina na namba yake. Habari ya kosa la mtu nayo ni bahasha ya namna hiyo. Swali si kama iliyomo ndani ni kweli. Swali ni jina la nani limeandikwa juu, na sioni jina la wenzako wa Kiboriloni mahali popote.

Sasa rafiki wa pili, wa "ukinyamaza umeshiriki". Huyu ana Katekisimu upande wake, lakini nusu. Namba 1868 inasema tunashiriki dhambi za wengine tunapokosa kuzifichua au kuzizuia *wakati tuna wajibu wa kufanya hivyo*. Hayo maneno ya mwisho ndiyo watu huyaacha. Siyo kila anayejua ana wajibu. Muuza mkaa aliyekaa jirani na wakala na kuona mweka hazina anaweka fedha pungufu hana wajibu wowote; hajui hata zilikuwa ngapi. Mtoto wako aliyekusikia ukiongea na simu hana wajibu. Wewe unao. Unao kwa sababu ya kalamu uliyopewa. Katibu ndiye anayeandika muhtasari na kutia sahihi taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa mbele ya wanajumuiya. Ukitia sahihi taarifa ambayo unajua hailingani na muhtasari wako mwenyewe, hapo umeshatoka kwenye kunyamaza, umeshuhudia uongo kwa maandishi. Na nyuma ya hizo 230,000 yupo mjane ambaye mvua za vuli zikianza atakuwa bado anasogeza sufuria chini ya dari linalovuja.

Kuhusu mama yako, nimpe heshima yake. Watu wazima wa kwetu wameona koo zinavunjika kwa sababu ya neno lililotoka kabla ya wakati, na kusitiri ni tendo la upendo. Yosefu, alipomwona Maria ana mimba, aliazimu kumwacha kwa siri kwa sababu hakutaka kumwaibisha, na Injili inamwita mtu wa haki kabla malaika hajamweleza chochote. Yoshua bin Sira, katika kitabu ambacho majirani zetu Walutheri hawanacho kwenye Biblia yao (na wanakosa utamu), anasema katika sura ya 19 kwamba ukisikia neno, liache lifie ndani yako, ujipe moyo, halitakupasua. Mimi nacheka kila nikilisoma, maana namwona kabisa mtu aliyevimba mashavu kwa habari aliyonayo.

Lakini kombe hilihili limefunika mambo ambayo hayakupaswa kufunikwa hata saa moja, na hapa lazima nitoke kidogo nje ya swali lako, kwa sababu wapo wanaosoma jibu hili wakiwa na jambo zito kuliko 230,000. Kama unachokijua ni kwamba mtoto anaguswa vibaya, anapigwa kupita kiasi, anatumiwa, basi sahau hatua zote nitakazozieleza hapa chini. Usiende kwanza kwa mkosaji kumwonya faraghani. Usisubiri kikao cha ukoo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa wajibu wa kuipeleka serikali za mitaa. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na kuna namba 116 ya simu kwa watoto, haikutozi kitu. Ikiwa mkosaji ni padre au mtawa, Papa Fransisko mwaka 2019 alitoa sheria inayowalazimisha mapadre na watawa wenye taarifa waifikishe kwa askofu au mkuu mwingine wa Kanisa anayehusika, na mwaka 2023 akaifanya kuwa ya kudumu. Hiyo haiondoi kwenda polisi.

Nalisema hili kwa uchungu. Mafundisho ya kulinda jina la mtu, ambayo ni mazuri, yamewahi kutumiwa na watu wa Kanisa, na pia na wazee wa koo, kuwaziba midomo waliodhulumiwa. Binti anaambiwa "usichafue jina la mjomba", au "usilipake Kanisa matope". Aliyeumizwa akisema alivyoumizwa hajamsengenya mtu. Thoma mwenyewe anapojadili onyo la faragha anatenga makosa ya siri yanayowadhuru wengine, akitoa mfano wa mtu anayepanga kuukabidhi mji kwa maadui: hapo unatoa taarifa moja kwa moja, isipokuwa una hakika imara kwamba onyo la faragha litauzuia ubaya huo mara moja. Kwa mwenye kudhuru watoto hakika hiyo haipo.

Turudi kwako. Umefikiria kumwambia Paroko kwenye kitubio. Naomba usifanye hivyo, na nitaeleza taratibu kwa sababu ni kosa ambalo wengi hulifanya kwa nia njema kabisa.

Kitubioni unakwenda na dhambi zako. Ukiingiza na za mweka hazina, umempeleka Paroko mahali ambapo mikono yake imefungwa. Siri ya kitubio haina mlango wa nyuma: padre akiivunja waziwazi anajitenga na Kanisa papo hapo, na ni Kiti Kitakatifu pekee kinachoweza kumwondolea adhabu hiyo. Hilo wengi mnalijua. Msilolijua ni kwamba siri hiyo haimzuii kusema tu, inamzuia hata *kutumia*. Kanuni ya 984 inasema mwenye madaraka hawezi kwa namna yoyote kutumia katika uongozi dhambi alizozijua kwa kuungamisha. Maana yake Paroko, baada ya kukusikia, hawezi kuitisha daftari la jumuiya yenu ambalo asingeliitisha. Hawezi kumwambia mwenyekiti wa WAWATA afikirie mtu mwingine. Hawezi hata kukuuliza ukikutana naye uwanjani baada ya Misa, "Lile jambo limefikia wapi?" Ulitaka ajue la kufanya, umemfanya mtu pekee parokiani asiyeweza kufanya lolote. Yale ya fedha yapeleke ofisini mwake, kwenye kiti cha kawaida, meza katikati. Akikuona unaanza kuyasimulia kitubioni, huenda yeye mwenyewe akakukatisha, akakuambia njoo ofisini kesho. Usimwone mkali. Anajiokolea uwezo wa kukusaidia.

Kabla ya ofisini, lakini, kuna safari nyingine. Mathayo 18:15 inaanza na wewe na yeye peke yenu, na kwa jambo la fedha ambalo bado linarekebishika, sioni sababu ya kuiruka hatua hiyo. Tena ukiichunguza, hujui kwamba ameiba. Unajua namba mbili zisizolingana. Siku hizi watu hupenda kusema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na methali hiyo imeharibu majina mengi. Labda fedha ziliwekwa mara mbili na umeona risiti moja. Labda fundi alidai malipo ya awali ya mabati. Labda mwenyekiti aliazima kwa idhini ya watu wawili na hawakukushirikisha, kosa jingine hilo. Labda pia ameiba. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye maneno yake yamo katika namba ya 2478 ya Katekisimu, anasema Mkristo awe mwepesi wa kulipokea neno la mwenzake kwa maana njema kuliko kulihukumu; asipoweza, amwulize mwenzake analielewaje.

Kwa hiyo nenda kamwulize. Nenda nyumbani kwake, saa ambayo mume na watoto hawapo sebuleni. Usiende umevaa uso wa hakimu. Mwambie, "Dada, muhtasari wangu unasema 640,000, risiti niliyoiona kwenye daftari inasema 410,000, nisaidie nielewe, maana taarifa inakaribia na mimi ndiye ninayetia sahihi." Halafu nyamaza umsikilize. Sentensi hiyo haina neno "wizi" ndani yake, na usiliongeze hata akikasirika. Akikuambia amezitumia kwa ada ya mtoto na atarudisha, mpangie tarehe ya kueleweka, kabla ya mkutano unaofuata, siyo "mambo yakikaa vizuri". Akirudisha na mjane akapata bati zake, kwako wewe habari imefia hapo. Usimwambie mtu hata kwa sababu ya kumsifu kwamba alitubu.

Jambo dogo la vitendo: zile risiti za mawakala zimechapwa kwenye karatasi ya joto, ukiiacha kwenye daftari lililokaa dirishani miezi miwili inabaki nyeupe. Ipige picha sasa pamoja na ukurasa wa muhtasari wako. Picha hiyo ni ya kuthibitisha tu. Isiingie kwenye kundi la jumuiya, isitumwe kwa yeyote "akutunzie". Picha iliyotumwa kwa mtu mmoja Moshi ifikapo Desemba, watu wakirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, kila gari itakuwa imeshaijadili njiani.

Akikataa, au akikuzungusha mpaka tarehe ipite, chukua mwenyekiti wa jumuiya, au mjumbe mmoja wa kamati ambaye mdomo wake unauamini, mwende naye. Hapo hujasengenya, hao ndio bahasha imeandikwa majina yao. Ikishindikana tena, Paroko, ofisini. Mpe namba mbili, tarehe mbili na picha. Yeye au kamati tendaji ya parokia ndio watakaoamua kama mtu mwenye hesabu ambazo hazijafungwa anafaa kuendelea kugombea. Wanawake watakaopiga kura hawana haja ya kuambiwa kwa nini jina limetoka kwenye orodha. Atakayeuliza, aambiwe ameomba kupumzika au asiambiwe kitu, ila asiambiwe uongo. Hivyo "ameomba kupumzika" lisemwe tu kama kweli ameomba.

Sitakuficha kwamba njia hii ina gharama. Anaweza kukugeuzia kibao, akaanza kusema ni wewe uliyebadilisha muhtasari kwa sababu ya chuki ya sare. Ndiyo sababu muhtasari uliosomwa na kuthibitishwa na wanajumuiya una thamani kuliko hasira yako. Na hizo sare zenyewe zichunguze usiku ukiwa peke yako. Mimi hutumia kipimo kimoja: angekuwa dada yako wa tumbo moja, ungekwenda kwa nani, na ungetumia maneno gani? Kama jibu ni mwenyekiti na maneno ya upole, basi nenda kwa mwenyekiti na maneno ya upole. Chuki haifuti wajibu wako wa kusema, ila hukuongezea watu wa kuwaambia.

Mtoto wa Rombo.

Hapa nitakuwa mfupi. Hakuna anayeibiwa. Hakuna uchaguzi wa WAWATA unaohitaji habari hiyo. Kuzaa kabla ya ndoa hakumzuii mtu kutunza daftari. Najua utasema, "Mume je, hana haki?" Huenda ingekuwa vema kwake kujua, na pengine siku moja huyo mama ataona afadhali aseme. Lakini mwenye kulisema ni yeye. Kanisa lina wakati ambapo hulazimisha waamini kusema wanachokijua kuhusu ndoa ya mtu: ni yale matangazo mnayoyasikia Jumapili, ambapo kanuni ya 1069 inawataka wote wanaojua kizuizi wakifikishe kwa paroko au askofu kabla ya ndoa kufungwa. Hata huko, anaambiwa paroko, haiambiwi kwaya. Na mtoto wa awali si kizuizi cha ndoa. Ndoa hiyo imeshafungwa, ina miaka yake, ina watoto wake. Na kuna kijana Rombo ambaye hukumtaja hata mara moja kama mtu. Siku habari hiyo ikitoka, yeye ndiye atakayeamka asubuhi akiwa si mdogo wa dada yake. Hukuwahi kupewa ruhusa ya kumfanyia hivyo.

Ambalo linatufikisha Kiboriloni, kwenye robota la mitumba, na wenzako wawili. Katekisimu, namba 2487, inasema kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi hata kama limeshasamehewa. Ungekuwa umemsingizia, kazi ingekuwa chungu lakini iko wazi: unarudi unasema nilidanganya. Wewe ulisema kweli, na huwezi kutengeneza kosa la umbeya kwa kuongeza la uongo. Thoma aliliona tatizo hilihili, na ushauri wake ni kwamba aliyefichua kweli isiyostahili kufichuliwa arudi aseme kwamba alisema vibaya, kwamba alimvunjia mwenzake heshima bila haki. Kiswahili kimetubariki hapo, maana "nilisema vibaya" linabeba yote. Waambie wenzako, "Yale niliyowaambia juu ya fulani nilisema vibaya, hayakuwa yangu kuyasema, nawaomba yasiende mbele." Usieleze zaidi. Wakitaka kurudi humo kila mkifungua robota, sema "hayo tuyaache" na uulize bei ya jana. Kisha tafuta kitu chema unachokijua juu yake, hakikosekani, na kiseme siku nyingine pasipo kulazimisha.

Nikiri la kwangu, usije ukadhani nazungumza kutoka juu ya mimbari. Nikiwa padre kijana nilimwambia kiongozi mmoja wa kwaya jambo la kweli juu ya mpiga kinanda wao, nikijiambia namsaidia kuwa makini. Halikuwa la kitubioni, nililiona kwa macho kama wewe. Mwezi haukuisha, mpiga kinanda akaacha kuja. Nilimfuata mara mbili. Mara ya pili alinikaribisha chai, akanisikiliza, akasema amenisamehe, na hakurudi.

Usitegemee jibu hili peke yake kama mambo yatafika hapa: mweka hazina akikutishia, kamati ikikulazimisha utie sahihi, au ukigundua fedha za miezi mingine nazo zina mapengo. Omba miadi na Paroko kabla ya kufanya chochote kingine, uende na mtu unayemwamini. Kama Paroko ni jamaa yake au unaona hakusikilizi, kuna mlezi wa WAWATA, kuna dekano, yaani padre anayesimamia parokia kadhaa za jirani. Fedha ikiwa kubwa na imekataliwa kabisa, kwenda polisi si kukosa imani. Sahihi yako isiwekwe kwenye taarifa isiyolingana. Andika pembeni "sikukubaliana na kiasi cha mwezi wa saba" na tarehe, inatosha.

Kuhusu kukomunika: siwezi kupima uzito wa kosa lako kwa barua. Kusengenya huwa dhambi nyepesi au nzito kutegemea madhara yaliyotokea na ulivyokusudia, na la mtoto lina uzito. Jumamosi jioni kuna maungamo, nenda. Sema, "Nimefichua siri mbili za mtu kwa watu wawili, na nilikuwa na kinyongo naye." Usimtaje jina, usitaje WAWATA, usitaje kiasi. Jumapili ukomunike. Na wale wenzako uwaone Jumatatu asubuhi, kabla robota halijafunguliwa.